Kasoro ni Nani?

Kikundi chetu cha kusoma kinakutana Jumamosi mchana hapa Nsambya, katika chumba ambacho siku nyingine ni cha cherehani. Kwa kawaida tunasoma hadithi. Safari hii tulizichoka hadithi, tukasema tusome ripoti za waangalizi wa kimataifa waliokuja kuangalia chaguzi za kwetu. Wengi wetu ni wa Kivu. Tulipiga kura 2006, wengine na 2011, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma kilichoandikwa juu ya siku zile. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri, kwa kuwa nilifundisha Kifaransa Bukavu na eti mwalimu haogopi karatasi.

Tulianza na tamko la Carter Center la 10 Desemba 2011, siku moja tu baada ya tume ya uchaguzi, CENI, kutangaza kwamba Joseph Kabila ameshinda kwa karibu asilimia 49, na Étienne Tshisekedi amepata 32. Nikakwama kwenye neno moja. Ripoti za namna hii zote zinalo, na kwa Kifaransa maana yake ni jambo lililotoka nje ya kanuni. Nikaandika "kasoro". Nikasoma kwa sauti: kulikuwa na kasoro nyingi katika kukusanya matokeo. Mama mmoja anayetembeza vitenge kila siku mpaka Kansanga akanikatiza:

"Mwalimu, mwizi namujua. Kasoro ni nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu, maana nilijua amenishika. Kasoro ni ya sahani iliyomeguka ukingo, au ya kitenge ambacho rangi imeruka pahali. Muuzaji anakupunguzia bei, mnaachana salama. Wizi ni neno lingine kabisa. Ukisema kura ziliibwa, hata mtoto atauliza: na nani? Ukisema kulikuwa na kasoro, hakuna wa kuuliza kitu, sentensi imejifunga yenyewe. Baada ya kusoma karatasi nyingi za aina hii, neno hilo silioni tena kama neno moja baya. Ndiyo namna nzima ya kuandika. Masanduku yanachelewa, majina yanakosekana, matokeo yanapotea. Vitu vyote vinatembea vyenyewe, mtu hayupo.

Nisiwaonee. Tamko lile lina sehemu nzuri sana, na tuliisoma mara mbili kwa raha. Linaweka mambo mawili karibu karibu. Katanga, kwenye majimbo kadhaa ya uchaguzi, waliojitokeza walikuwa asilimia 99 hadi 100, na kura zote au karibu zote zikaenda kwa Kabila. Kinshasa, ngome ya wapinzani, matokeo ya vituo karibu 2,000 yalipotea. Hakuna kelele wala maneno ya kupamba. Msomaji anaachiwa hesabu mbili mkononi, azipime mwenyewe. Wangeishia pale ningewasifu mpaka leo. Lakini wanaendelea. Wanasema matokeo hayaaminiki, halafu wanaongeza kwamba hawamaanishi kuwa mpangilio wa wagombea ungekuwa tofauti na uliotangazwa. Ni kama jirani akuambie: manyoya ya kuku wako yako uani kwa fulani, chungu chake kinanukia, ila mimi sisemi kwamba kuku wako asingekufa hata hivyo.

Siku hiyo alikuwepo dada mmoja, Mganda, anayefanya kazi kwenye shirika na anayetutembelea mara moja moja. Alitupinga, na alitupinga vizuri. Akatueleza kwamba waangalizi wana kanuni zao, zilizotangazwa Umoja wa Mataifa mwaka 2005: wanatazama, wanaandika, hawaingilii. Si polisi, si mahakama. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi wa kumfikisha mbele ya jaji, akasema, ni uongo wa aina yake. Hapo nilimkubalia. Kisha akasema jambo la pili, kwamba wakitaja watu, mara nyingine hawataalikwa tena. Hapo sikumkubalia, wala sasa simkubalii.

Kwa sababu hebu tuangalie adabu yao imewafungulia mlango gani. Mwaka 2018 serikali ya Kinshasa ilisema itajilipia uchaguzi yenyewe. Umoja wa Ulaya na Carter Center hawakualikwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulifuta ujumbe wake wa uangalizi wiki tatu tu kabla ya kura ya 20 Desemba, kwa kuwa haukuruhusiwa kutumia vyombo vyake vya mawasiliano ya setilaiti. Hapa hapa Uganda, waliokuja 2016 wakiongozwa na Eduard Kukan hawakurudi kwa uchaguzi wa Januari 2021. Ulaya ilisema mapendekezo yake ya nyuma hayakufanyiwa kazi. Marekani nayo ikajitoa kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya watu iliowaombea vibali walikataliwa. Intaneti ilipozimwa siku zile, sisi wakimbizi tulikaa ndani bila WhatsApp ya kuulizia nyumbani, na nje hapakuwa na vizibao vya waangalizi wa Ulaya. Kwa hiyo lugha ile ya kutomgusa mtu haikununua hata kiti cha nyuma.

Mnaokumbuka 2006 mtaniambia msaada ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa kweli, na mimi nilikuwa kwenye mstari kabla jua halijatoka. Watu kama milioni 25 waliandikishwa katika nchi isiyo na barabara. Helikopta za MONUC zilibeba karatasi za kura, na wafadhili walitoa mamia ya mamilioni ya dola. Karatasi ya rais ilikuwa na wagombea 33, unaikunjua kama gazeti. Kadi ya mpiga kura ikawa ndiyo kitambulisho chetu, mtu anaificha kuliko pesa. Siwezi kuidharau siku ile. Lakini ule ulikuwa msaada wa harusi. Kamati inachanga, magari yanapambwa, wageni wanakula, kesho yake bwana na bibi wanabaki na vyombo vichafu. Uchaguzi wa mitaa, ambao mtu angemchagua wa kumuuliza habari ya maji na mtaro, uliahidiwa ukangoja mpaka 2023, na hata hapo ulifanyika katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Mwaka 2011, ulipohitajika mtu wa kukaa mahali pa kujumlishia hesabu, wageni wengi walikuwa wameshaaga.

Ripoti ya 2018 ilitushinda kwa sababu nyingine. Safari hiyo walioona mengi ni watu wa nchi: Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000. Mapema Januari 2019 maaskofu wakasema hesabu zao zinamwonyesha mshindi waziwazi, ila hawakumtaja hadharani. CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi. Maaskofu wakasema hilo halilingani na walichokusanya. Umoja wa Afrika ukasema una mashaka makubwa, ukaomba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha siku chache tu baadaye, na barua za nchi za nje zikaanza kufika zikiwa na kitenzi kimoja cha Kifaransa ambacho nilikitafutia Kiswahili usiku mzima. Mwishoni nikaandika "tumesikia". Mnalijua neno hili. Ni jibu la ofisa dirishani ukishamaliza kueleza shida yako, na kalamu yake iko mezani, imefunikwa.

Mwaka huo huo, Beni. CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa 24 Januari kabla ya watu hao zaidi ya milioni moja kupiga kura. Lakini tarehe 30 Desemba maelfu ya watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao. Walinawa mikono kama Ebola ilivyodai, wakasimama mstarini, wakatumbukiza karatasi zao kwenye masanduku ya kuunga unga, wakahesabu. Kisheria haikuwa kitu. Hakuna mfadhili aliyetoa hata wino. Nimezipitia ripoti zote nilizopata, na ukurasa ambao ningependa kuusoma kuliko zote, wa mtu aliyesimama pale Beni na kuandika alichokiona kuanzia mstari mpaka hesabu, sijaupata.

Narudi kwenye lile tamko la 2011, maana lina siri moja ya kazi. Carter Center waliweza kuandika ile sehemu nzuri kwa sababu CENI ya wakati ule ilichapisha matokeo kituo kwa kituo. Mtu akakaa, akasoma mstari kwa mstari, akaona asilimia mia imesimama pale bila aibu. Mwaka 2018 matokeo ya kila kituo hayakuchapishwa. Kwa hiyo kilichoongea 2011 ilikuwa karatasi ya kituo, mwangalizi aliisoma tu. Kenya inatufundisha hivyo hivyo. Agosti 2017 waangalizi wa nje, pamoja na ujumbe wa Carter Center aliokuwamo John Kerry, waliusifu upigaji kura. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi wa rais, na kesi ilizunguka kwenye fomu, ile 34A inayojazwa kituoni na kutiwa sahihi na watu wenye majina.

Hapa Kampala 2018 niliwaona majirani wakichagua mwenyekiti wa LC1 kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wao. Kila mtu anahesabu, hata sisi tusio na kura tulihesabu tukiwa barazani. (Wakenya wa umri wangu msinirukie, najua mlolongo wenu wa 1988, mstari mfupi ulivyoushinda mrefu. Na mstari hauna siri, jirani anakuona ulipo.) Ninachosema ni kwamba hesabu ikifanyika mbele ya macho, msomaji wake yuko pale pale, ana jina, na kesho anakutana na aliyehesabu.

Nilipoyasema haya kikundini, yule mama wa vitenge alinyamaza. Jumamosi iliyofuata akaja na mfuko wa plastiki, ule anaowekea karatasi za ukimbizi. Mwaka 2011 alikuwa shahidi wa chama kimoja katika kituo cha Bukavu. Ndani ya mfuko kulikuwa na nakala ya hesabu za kituo chake, imekunjwa mara nne, wino wa sahihi umegeuka kahawia. Amevuka nayo mpaka. Nikamuuliza kama kuna mwangalizi yeyote aliyewahi kumwomba aione. "Walipita asubuhi," akasema. "Walituuliza kama tumefungua kwa saa." Hakutaka tuzinakili hesabu zake, nami sitaziandika.

Kwa nini tunasumbuka na haya? Mwaka 2023 Wakongomani walio nje waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Ufaransa na Marekani. Uganda, yenye wakimbizi wa Kongo zaidi ya nusu milioni, haimo. Masisi na Rutshuru nako hawakupiga, kwa vita. Kwa wengi wetu ripoti ndiyo sehemu pekee ya uchaguzi iliyobaki tunayoweza kuigusa, na imeandikwa kana kwamba sisi ni mvua iliyonyesha siku ile. Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili na mnaojua wanaoandika ripoti hizo, waulizeni wanamwandikia nani.

Nakala ya tafsiri iko chumba cha cherehani, mtu aje asome. Kwenye kurasa za kuchelewa kwa masanduku na majina yaliyokosekana kwenye orodha, nimeacha "kasoro", maana nyingi zilikuwa kasoro kweli. Kwenye Katanga na Kinshasa nimeandika "mambo yaliyofanywa". Mama akadai niongeze "na watu". Nikaongeza. Yule dada wa shirika anasema hiyo si tafsiri tena, nimetia maneno ambayo hayamo. Huenda. Nimeandika pingamizi lake pembeni, kwa kalamu nyekundu.