Pointi Sita, Bila Mbona

Aliyesoma History sekondari anaijua amri ya pointi sita kabla hajalielewa swali lenyewe. Kwa kijana wa Tunduma anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, swali la Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 limeshajibiwa kwenye desa: utangulizi, pointi sita, hitimisho. Tulisome jibu hilo kama tunavyosoma utenzi, kwa umbo lake.

Tuanze na viunganishi. Aya ya pili inafunguliwa na kiunganishi chenye maana ya pia, ya tatu vilevile, ya nne aidha. Kiunganishi kwa hiyo hakipo. Ukibadilisha mpangilio wa beti za utenzi, kisa kinavunjika. Hapa hamisha pointi ya tano iwe ya pili, hakuna atakayeshtuka, na maksi ni zilezile. Sababu na tokeo vimekaa benchi moja, hakuna mkubwa wala mdogo.

Halafu vitenzi. Afrika iligawanywa, mipaka ilichorwa, watu walinyonywa: kutendwa tupu, mtenda kajificha. Ndiyo maana sentensi isemayo mipaka yote ilichorwa Berlin inapita bila kuulizwa. Ingebidi amtaje aliyechora, mwanafunzi angekuta kwamba mpaka anaoupita akienda Nakonde, upande wa Zambia, haukutoka kwenye mkutano ule. Ulitoka kwenye mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ambao unautaja Mto Songwe, huu wa Ileje unaoingia Ziwa Nyasa. Waingereza waliing'ang'ania Barabara ya Stevenson kwa sababu ilikusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, basi ikabaki upande wao. Wanyamwanga wakajikuta huku na kule.

Siwacheki wanaokremu. Msahihishaji ana rundo la skripti mbele yake, na pointi zinahesabika. Anayeandika kwa Kiingereza, lugha ambayo pengine hakutani nayo nje ya darasa, anahitaji pa kushika.

Lakini kaa nao jioni kwenye diskasheni. Kiswahili kinaingia, na pamoja nacho maneno ambayo skripti haiyajui: mbona, kwani, kumbe. Kama mpaka ulitenganisha watu, mbona mashangazi wanavuka kwenda msibani? Kwani Wajerumani walikubalije kuikosa barabara? Mbona ni neno dogo, lakini linaweka mambo mawili yasiyopatana uso kwa uso na kudai maelezo. Kazi hiyo pia na vilevile haviwezi kuifanya, hata ukivipanga sita.

Swali la Vita vya Kwanza vya Dunia linaonyesha hasara ya kuikosa mbona vizuri zaidi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, kituo cha Waingereza karibu na Nakonde ya leo, kisha likaelekea Kasama. Habari kwamba Ulaya wamesimamisha vita tarehe 11 ilimkuta bado yuko njiani. Alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Novemba 25, akiwa na askari Waafrika na wapagazi, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya.

Wakisikia hivyo, kwenye diskasheni kila mtu anasema kumbe. Kesho yake desa linafunguliwa, na vita vimekwisha tarehe 11.