Jina Alilopewa Barabarani: Uhakiki wa Riwaya ya Petit Pays

Barabara itokayo Mwandiga kwenda Manyovu huishia mpakani mwa Burundi, na mkoa wetu wa Kigoma umepokea wakimbizi wa nchi hiyo mwaka 1972, 1993 na 2015. Kwa hiyo riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 2016, si habari ya mbali kwetu. Yasimulia utoto wa Gabriel wa Bujumbura, ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake ni mkimbizi Mtutsi kutoka Rwanda. Wazazi wote wawili ni wageni katika mji ambao, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, uligawanyika mtaa kwa mtaa.

Msomaji wa haraka atasema kwamba msiba wa Gabriel ni kuchanganyika kwa damu. Sivyo. Baba, kwa nia njema, awakataza watoto mambo ya siasa. Adhani kunyamaza ni ngome. Mama naye, akiisha kuona maiti za jamaa zake Rwanda mwaka 1994, arudi amevurugikiwa akili na kummiminia binti yake mdogo, Ana, yote aliyoyaona, usiku baada ya usiku. Mmoja hasemi kitu, mwingine asema pasipo kiasi. Basi mtoto asiyeelezwa nyumbani yeye ni nani hupewa jina barabarani. Wenzake wamdai Gabriel achague upande, na mwishowe wamtia kiberiti mkononi, naye ashiriki kumteketeza mtu.

Upungufu wa riwaya ni kuvisifu mno vitabu ambavyo Gabriel aliazimwa na jirani. Vilimpa maficho, lakini havikumpa neno la kukataa siku ile.

Katika Waefeso 2, Paulo hatangazi kubomolewa kwa kiambaza kabla ya kuwakumbusha wasomaji wake majina waliyoitwa zamani. Sisi wachungaji twapenda kuanzia kwenye kubomolewa. Katika madarasa yetu ya kipaimara wamo watoto ambao baba ni Muha na mama ni Mrundi au Mkongo. Twawafundisha Katekisimu, nao waikariri vema. Je, ni nani kati yetu amewahi kuwauliza wanaitwaje huko barabarani?