Kongo Ipi?

Samaki wengi wa Mwanza hushukia Mwaloni Kirumba, upande wa Ilemela. Karatasi za mzigo huandikwa popote penye meza na kompyuta, zikiwemo ofisi ndogo za mawakala huku Nyamagana. Fungua faili la wateja la ofisi ya namna hiyo, ushuke na safu iliyoandikwa "Nchi". Mnunuzi wa kayabo kutoka Uvira kaandikwa "Congo". Mwenzake wa Bukavu kaandikwa "Kongo". Wa tatu "DRC". Wa nne "Kinshasa", mji ambao huenda hajawahi kuutia mguu. Wa tano, kwa kuwa karani wa siku hiyo alikuwa mtu mzima, kaandikwa "Zaire". Kwa karani hao wote ni watu wa nchi moja na hana wasiwasi. Kwa kompyuta ni watu wa nchi tano, na mwisho wa mwezi bosi akiuliza ni magunia mangapi yamekwenda Kongo, atapewa jibu lililokatwa vipande vitano.

Kuna ufundi wa kuitengeneza safu hiyo, nao ndio ninaotaka kuusifu. Hauna jina kubwa. Hakuna anayeitwa jukwaani kupewa cheti kwa sababu kaweka majina ya nchi sawasawa. Fundi wa programu anaandika mstari mmoja wa kuita maktaba, yaani msimbo uliokwisha kutungwa na wengine kwa ajili ya kazi hiyo, anaiuliza nchi, anapata jibu, anaendelea. Mtu wa nje ataona hakufanya kitu. Mimi naona hapo ndipo fundi anapojulikana: katika kujua lipi si lake kulitunga.

Maana majina ya nchi yalikwisha kutafutiwa utaratibu zamani. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lenye makao yake Geneva, lilitoa kiwango namba 3166 mwaka 1974. Kila nchi ina alama tatu: herufi mbili, herufi tatu, na tarakimu tatu. Sisi ni TZ, TZA na 834. Kenya ni KE, KEN na 404. Uganda ni UG, UGA na 800. ISO haiamui nani ni nchi na nani si nchi. Majina inayapokea kutoka Umoja wa Mataifa, na zile tarakimu ni za ofisi ya takwimu ya umoja huohuo.

Tunatembea na alama hizi bila kuzitazama. Pasipoti yako, chini ya picha, ina TZA kwenye ile mistari ya kusomwa na mashine. Tovuti za hapa huishia na .tz. Shilingi yetu benki huiita TZS, yaani TZ na S ya shilingi. Minofu ya sangara inayokwenda Ulaya hubeba alama ya kiwanda, na kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2004 zinataka alama hiyo ionyeshe nchi kwa jina kamili au kwa herufi mbili za ISO. Hata bendera unayomrushia mwenzako kwenye simu Taifa Stars ikicheza si picha iliyotumwa. Kinachosafiri ni alama mbili, ya T na ya Z. Simu ya mpokeaji ndiyo inayochora kijani, manjano, nyeusi na buluu.

Katika lugha ya Python, maktaba inayojulikana kwa kazi hii ni pycountry. Ndani yake hamna maajabu. Data zake zinatoka kwenye mradi wa iso-codes wa watu wa Debian, wanaokusanya viwango hivi na kuviweka wazi kwa yeyote. Unaandika countries.get(alpha_2="TZ") na papo hapo unapewa jina, "Tanzania, United Republic of"; jina la kawaida, "Tanzania"; jina rasmi, herufi tatu, tarakimu, na bendera. Ile koma katikati ya jina la nchi yetu huwakera wengi wakiikuta kwenye fomu za mtandaoni, lakini ina sababu: orodha ipangwe kwa neno Tanzania, lisitangulie jingine. Aliyetengeneza fomu angeweza kuchukua jina la kawaida lililoko palepale. Hakutazama tu.

Sasa iulize maktaba hiyohiyo nchi yenye jina "Congo". Haitasita wala kulalamika. Itakujibu CG, nchi ambayo mji wake mkuu ni Brazzaville. Na imejibu sawa kabisa, kwa sababu katika kiwango nchi inayoitwa "Congo" bila nyongeza ni hiyo. Ile ya Uvira, Bukavu na Goma ni CD, na imeandikwa "Congo, The Democratic Republic of the". Maktaba ni kama karani aliyeapishwa: hujibu ulichouliza, hakisii ulichokusudia. Mteja wetu wa kayabo kavushwa mto Kongo bila tiketi, na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote.

Fundi hapo hufanya nini? Anakaa na faili, anatoa kila tahajia iliyomo, moja moja, bila kurudia. Kisha anatengeneza kijedwali chake kidogo: "DRC" iende CD, "Kinshasa" iende CD, "Zaire" iende CD. Lakini "Congo" tupu na "Kongo" tupu haziendi kokote, anazisimamisha zisubiri. Anatazama safu ya mji. Palipoandikwa Kalemie au Lubumbashi jibu lipo. Pasipo na mji, anamrudia karani na swali fupi: Kongo ipi? Karani atacheka, kwa sababu hakumbuki kumwona mnunuzi wa kayabo kutoka Brazzaville. Acheke, mradi ajibu. Ipo pia njia ya kutafuta kwa kukaribia, search_fuzzy, ambayo ukiipa "Congo" inakuletea zote mbili, na wengi huchukua la kwanza wakaondoka zao. Fundi akiona majibu mawili hujua swali lake lilikuwa na upungufu.

"Zaire" inastahili kusimama nayo kidogo. Nchi ilibadili jina Mei 1997, ZR ikawa CD na ZAR ikawa COD. ISO haikuitupa. Sehemu ya tatu ya kiwango, 3166-3, ni ya majina yaliyostaafu, na pycountry inayo chini ya historic_countries. Zaire imo kwa herufi nne, ZRCD, mbili za zamani zikifuatwa na mbili za sasa. Dahomey imo, Volta ya Juu imo, Rhodesia ya Kusini imo. Ila tarakimu ya Zaire, 180, haikuguswa; ndiyo hiyohiyo leo.

Hapo pana akili ambayo naistaajabia. Herufi huweza kubadilika jina likibadilika, lakini tarakimu zinafuata ardhi. Sudan ilipogawanyika Julai 2011 iliendelea kuitwa Sudan, ikabaki na SD yake, lakini tarakimu zikahama kutoka 736 kwenda 729, kwa kuwa takwimu za kabla na za baada si za eneo moja. Sudan Kusini ikapewa SS na 728. Ethiopia nayo ilitoka 230 ikawa 231 baada ya Eritrea kujitenga mwaka 1993. Swaziland ilipojiita Eswatini mwaka 2018, mipaka ikiwa ileile, 748 ilibaki, na hata SZ waliiacha. Kwa hiyo anayelinganisha biashara ya Sudan ya mwaka 2005 na ya 2015 anaonywa na tarakimu hizo kwamba analinganisha vitu viwili. Herufi peke yake zingemnyamazia.

Kuna mitego mingine ambayo haina falsafa yoyote, ni ubishi wa mashine tu. Msimbo wa Namibia ni NA. Maktaba nyingine ya Python, pandas, ambayo karibu kila mtu anaitumia kusoma majedwali, ikiikuta NA kwenye faili huichukulia kuwa nafasi tupu, na Namibia nzima inatoweka kwenye ripoti ya SADC bila kelele. Dawa ni kuiambia keep_default_na=False kabla haijaanza kusoma. Algeria ni 012. Ifungue kwenye Excel, sifuri inaliwa, inabaki 12. Ndiyo maana pycountry huzitunza tarakimu hizo kama maandishi. Hazijumlishwi wala hazigawanywi, basi zisiitwe namba.

Wanaouza mabondo ya sangara wanakutana na jambo jingine. Mzigo wa Hong Kong una HK na 344, mzigo wa China bara una CN na 156, ingawa Hong Kong ni sehemu ya China. Orodha ya ISO ni ya nchi na maeneo, ikitazama mahitaji ya takwimu na biashara. Zanzibar je? Haimo kama nchi. Visiwa vimo ndani ya TZ, vikiwa mikoa mitano: TZ-06 Kaskazini Pemba, TZ-07 Kaskazini Unguja, TZ-10 Kusini Pemba, TZ-11 Kusini Unguja, na TZ-15 Mjini Magharibi. Mpenda soka atasema mbona timu ya Zanzibar ipo. Soka ina orodha yake: huko sisi ni TAN, si TZA, na CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili Machi 2017 ikauondoa Julai ya mwaka huohuo. Kabla ya kuita maktaba yoyote, basi, jiulize unahudumia orodha ya nani. Programu ya ligi na programu ya forodha hazitumii kamusi moja.

Kuna kanuni ambayo mafundi wazuri wote niliowahi kusoma kazi zao wanaifuata: kwenye kanzidata hifadhi msimbo, jina lionyeshe mwishoni kabisa, kwa lugha ya anayesoma. Andika DE. Mzee wa Igogo aone Ujerumani, mnunuzi wa Bukavu aone jina la Kifaransa. Majina hayo kwa Kiswahili yapo tayari, kwenye hazina ya CLDR ya muungano wa Unicode, na maktaba ya Babel inayachota. Hazina hiyo imetenga nafasi ya Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Jambo moja tu husahaulika, nalo huonekana hata kwenye programu za makampuni makubwa: orodha hutafsiriwa isipangwe upya. Unakuta Ujerumani imekaa kati ya Georgia na Ghana, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa pake kwa Kiingereza. Ukiipanga kwa alfabeti yetu, nusu ya Ulaya inahamia kwenye U, Ufaransa, Ugiriki, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, Ureno, Urusi, Uswisi, zimepanga foleni. Msomaji wa Kiswahili atazitafuta hukohuko.

Turudi nyumbani, kwenye sehemu ya pili ya kiwango, 3166-2, inayohusu mikoa. Mwanza ni TZ-18. Soma orodha ya Tanzania kuanzia 01 hadi 25 utaona imepangwa kwa alfabeti, Arusha mpaka Tanga. Ghafla 26 ni Manyara, 27 Geita, 28 Katavi, 29 Njombe, 30 Simiyu, 31 Songwe. Huo ndio mpangilio wa kuzaliwa kwa mikoa hiyo: Manyara 2002, minne inayofuata 2012, Songwe 2016. Historia ya utawala wetu imo kwenye tarakimu, bila neno hata moja la maelezo. Mtu aliyezaliwa Geita mjini mwaka 1990 alizaliwa Mkoa wa Mwanza, TZ-18. Leo mji uleule ni TZ-27. Fomu inayodai mkoa wa kuzaliwa bila kuuliza mwaka inamlazimisha mtu huyo aseme nusu ya habari. Na usidhani namba hizo zinalingana na za serikali husika. Kenya huita Mombasa 001 na Kisumu 042. Kwa ISO Mombasa ni KE-28 na Kisumu ni KE-17. Aliyekisia kapeleka mzigo kaunti nyingine.

Chini ya mkoa ISO haishuki kwetu. Nyamagana haina msimbo hapo, wala Ilemela, na hakuna ofisi ya Geneva itakayokuja kutupangia kata. Hiyo ni kazi yetu, na imekwisha kuanza: ipo maktaba ya Python iitwayo mtaa, iliyotungwa na Watanzania, yenye mikoa, wilaya, kata hadi mitaa. Kata hugawanywa, mitaa huongezwa, tahajia hukosewa, na orodha ya namna hiyo huwa hai kwa wanaoitazama tu. Wewe unayesoma kompyuta hapa jijini na kuijua Nyamagana kata kwa kata, ifungue uone Buhongwa, Mkolani, Lwanhima na Luchelele zimeandikwaje. Ukikuta kosa, wapelekee wenyewe walirekebishe.