Jinsi Wabunifu wa Magari Wanavyochora Pamoja Katika Uhalisiapepe

Carolina Cruz-Neira na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walipoonyesha CAVE mwaka 1992, yaani chumba ambacho kuta zake ni skrini za picha za pande tatu, watu kadhaa waliweza kusimama pamoja mbele ya umbo moja, lakini kompyuta ilifuata kichwa cha mmoja wao tu, na kwa hiyo wengine waliliona umbo hilo likiwa limepindika. Kwa wabunifu wanaobishania mkunjo wa boneti, kasoro hiyo ni kubwa mno.

Miwani ya uhalisiapepe iliiondoa kwa kumchorea kila mtu picha yake mwenyewe, na mwaka 2019 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba wabunifu wa studio zake tano duniani walikuwa wakijaribu kuchora magari kwa pamoja ndani ya Gravity Sketch, programu iliyobuniwa London, ambamo mchoraji huvuta mstari hewani kwa mkono, kisha akauzunguka.

Siri ya ushirikiano huo ni uchache wa kinachosafirishwa. Picha hutengenezwa na kompyuta iliyo karibu na mtumiaji, mara 90 kwa sekunde katika miwani kama HTC Vive, kwa sababu ikichelewa kuufuata mwendo wa kichwa huleta kichefuchefu. Mtandao wenyewe hubeba sauti, mahali na mwelekeo wa kichwa na mikono, pamoja na nukta chache zinazotawala umbo la mstari. Hivyo, data zinazovuka bahari zikichelewa, anayeonekana kusita ni mwenzake wa mbali, ilhali gari lililo mbele ya macho hutulia mahali pake.

Gumu zaidi ni wawili kushika nukta ileile kwa wakati mmoja. Suluhisho lililozoeleka ni kufuli, yaani seva humpa nukta hiyo aliyetangulia kuishika, na wengine husubiri aiachie. Lakini kufuli likifunga gari zima badala ya sehemu inayoguswa, wabunifu hugeuka watazamaji, na kazi ya pamoja huwa ya zamu.

Hata hivyo, mkono ulio hewani haugusi kitu, na ndiyo maana studio za magari zingali zinachonga umbo kwa udongo, kwa ukubwa kamili, ili kiganja kipapase bonde dogo ambalo jicho limelikosa.