Nyumbu Wasiochorwa

Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, kundi la nyumbu linaporomoka korongoni kama mto uliovunja kingo. Hakuna mchoraji aliyeketi kuchora mbio za kila mnyama. Watengenezaji waliunda nyumbu wachache kwa kompyuta, wakawazidisha, na programu ikamwezesha kila mmoja kukimbia bila kumgonga jirani yake. Mtu aliyewaona nyumbu wa Serengeti anaweza kuicheka filamu hiyo kwa mengine (simba wanaoimba, kwa mfano), ila mbio zile huziamini. Huo ndio uhuishaji wa kanuni: fundi haamuru kila hatua, huweka masharti tu, na mwendo ukazaliwa humo. Nasema ni ufundi wa jicho kabla ya kuwa ufundi wa mashine, na kwa sababu hiyo unastahili miaka ya chuo.

Tazama waasisi wake. Mwaka 1987 Craig Reynolds alionyesha kwa kompyuta kwamba kundi la ndege halihitaji kiongozi. Inatosha kila ndege asimgonge mwenzake, aelekee waelekeako walio karibu naye, na asitengane nao. Masharti matatu, na anga ikajaa uhai. Ken Perlin, aliyeshiriki katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, alichoshwa na picha laini mno zilizonuka mashine. Akabuni hesabu ya kuzalisha vurugu yenye mpaka, inayofaa kuiga marumaru, mawingu na moshi. Akaichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 kazi hiyo ikampatia tuzo ya ufundi ya Oscar. Kompyuta haikumwambia Perlin kwamba jiwe halisi lina madoa. Aliliona.

Wapo wanaosema kazi yote hufanywa na kompyuta. Wangekaa na mwanafunzi anayetengeneza moshi wake wa kwanza! Kanuni zake zinaweza kuwa sahihi zote, na moshi bado ukapanda kama pamba. Kujua kilichokosekana, joto, upepo au uzito, kunadai fizikia na kunadai macho yaliyozoea kuchungulia jikoni. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: programu ya uhuishaji ya Blender ni ya bure, Houdini ina toleo la bure la wanaojifunza, na video za mafunzo zimejaa mtandaoni. Kwa kujifunza vitufe, nakubali, ada ya chuo ni hasara. Chuo hustahili ada pale kinapomkalisha mchoraji darasa moja na mwanahisabati, kazi zao zikakosolewa hadharani, kila mmoja akalazimika kueleza kwa nini ameandika kanuni hii na si ile.

Linabaki suala la ajira, na hapo sifa zangu zinapungua sauti. Februari 2013 kampuni ya madoido ya picha ya Rhythm & Hues iliomba kinga ya muflisi, na mwezi huohuo Life of Pi, iliyobeba kazi yake, ikatwaa Oscar ya madoido ya picha. Ni kweli kwamba elimu hii haifungiki ndani ya sinema: masharti ya Reynolds yamewafaa watengenezaji wa michezo ya kompyuta na hata watafiti wa makundi ya roboti. Lakini jibu hilo linamfaa anayeingia chuoni leo. Kwa fundi aliyepunguzwa kazi na kodi ya nyumba inamsubiri, halitoshi.