Upweke wa Msafiri na Majina ya Mito

Masimulizi ya msafiri wa peke yake, mkoba mgongoni, katika barabara kuu ya 101 inayoizunguka Rasi ya Olympic, jimbo la Washington nchini Marekani, yana kaida moja: mvua hunyesha, misitu hutanda, na mahali huonekana patupu. Bonde la Hoh hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Katika mvua, basi, msimulizi hajatia chumvi. Chumvi imo katika utupu. Hoh, Queets na Quinault ni majina ya mito, lakini pia ni majina ya jamii ambazo zingali zinaishi kandokando yake. Lugha ya Quileute, ya kijiji cha La Push, ilikuwa na ndugu mmoja tu anayejulikana, Chimakum, ambaye amekwisha kufa. Msimulizi analitumia jina huku akimwacha mwenye jina. Kwa hiyo upweke wake si hali aliyoikuta, bali ni zao la uteuzi wake wa maneno. Matini za *Safari za Wasuaheli*, zilizohaririwa na Carl Velten mwaka 1901, zinafuata njia tofauti: humo nchi hujulikana kupitia wenyeji na desturi zao. Mhakiki hana budi kuuliza: jina la mto ni pambo, au ni ushahidi wa watu?