Nukta Tatu katika Tenzi Zilizohaririwa

Baadhi ya wahariri wa tenzi hutia nukta tatu popote pale: penye karatasi iliyoliwa na mchwa, penye kipande walichokiacha wenyewe, na penye mnenaji aliyekatizwa. Msomaji atajuaje? Hati za kale za herufi za Kiarabu hazikuwa na alama hiyo (nukta tatu zilizomo ni za herufi kama shini). Basi kila dukuduku katika chapa ni la mhariri. Madhara si madogo. Kipande cha nne ndicho kibebacho kina cha bahari; kikikatwa bila kuelezwa, hulaumiwa mtunzi. Yafaa nukta za mkato zitiwe katika mabano ya mraba, na palipoharibika paelezwe kwa maneno. Nukta tupu zibaki kwa mnenaji, nazo zihesabiwe kuwa ni fasiri ya mhariri.